Kabla hujauza shamba la babu yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku ule ule nilipotua, nikiwa bado nasubiri mizigo uwanja wa ndege. Unasema mnunuzi amepatikana, bei ni nzuri, na shamba la Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, halifai tena kwa kuwa maji hayafiki. Sikukupigia kwa sababu ningelia, nawe ukisikia mama analia unakubali lolote ili anyamaze tu. Sitaki unikubalie namna hiyo. Nimejifunika leso, baridi hii ya Julai ya Nairobi imeingia mifupani, na chai iko hapa. Nisome mpaka mwisho.

Unajua nilialikwa Hunza, bonde la milimani kaskazini mwa Pakistani, na yule muuguzi mwenzangu wa zamu za usiku. Kutoka Islamabad tulikaa garini siku mbili, tukafuata barabara ya Karakoram, iliyochongwa ubavuni mwa majabali na Wapakistani na Wachina. Mamia walikufa wakiijenga. Karibu na Gilgit kuna mahali safu tatu za milima hukutana: Himalaya, Karakoram na Hindu Kush. Tulikuwa tumeshauona Nanga Parbat, mita 8,126. Mlima Kenya wetu una 5,199, nami tangu utotoni nikidhani hakuna mlima unaoupita kwa kutisha.

Nilikuwa nimeambiwa nitaona bustani za matunda, kwa hiyo nilitarajia kijani njia nzima. Kumbe ni nchi kavu, mwanangu! Mawe na vumbi, kama uko Marsabit. Mvua ya bondeni ni haba mno. Halafu gari linapiga kona na unaona ukanda wa kijani kando ya mlima: mipopla, vishamba vya ngano na viazi, miti ya matunda imebanana. Na ukanda ule juu umekatika ghafla, kama mtu ameupitishia panga. Juu ya mstari ni mwamba mtupu, chini yake ni shamba. Nikamuuliza mwenyeji wangu nani aliuchora mstari ule. Akasema, huo ndio mfereji.

Tulifikia Karimabad, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, mlima Rakaposhi ukitutazama kutoka ng'ambo ya bonde na theluji yake ya mita 7,788. Ulikuwa msimu wa aprikoti. Zinapasuliwa, zinaanikwa juu ya paa, ukitazama kijiji kutoka ngome ya Baltit unaona paa za rangi ya chungwa kila upande. Kokwa hazitupwi. Wanawake wanazivunja kwa jiwe, kiini kinakamuliwa mafuta. Niliketi nao nikavunja mpaka vidole vikauma. Kiburushaski chao hakina ndugu duniani, wataalamu wa lugha hawajakipatia ukoo, lakini kazi ya mikono haihitaji mkalimani. (Zile hadithi za wazee wa Hunza kuishi miaka 120 ziache. Ni watu kama sisi, wanaugua na wanazeeka.)

Usiku wa tatu mwenyeji wangu aliniamsha. Zamu ya maji ya nyumba yao ilikuwa imefika. Tukatoka na tochi na koleo, tukafuata njia nyembamba mpaka mfereji, akang'oa jiwe moja na bonge la nyasi, maji yakageuka yakaingia shambani kwao. Nilimulika. Yalikuwa ya kijivu kama maji ya majivu, na ndani yake vichembe vinametameta. Ule ni unga wa mwamba uliosagwa na mto wa barafu wa Ultar, ule unaoning'inia juu ya mji. Nikatia mkono, nikautoa upesi kwa baridi. Muda wa zamu ulipokwisha, alirudisha jiwe na kulishindilia kwa mguu. Hapakuwa na askari wala mita, na hakuiba hata dakika tano. Wa jirani alikuwa ameshafika na koleo lake, wakasalimiana. Majira ya kuchipua yakikaribia, kijiji kizima hutoka kuzoa mchanga na mawe mferejini, maana mfereji usiposafishwa hakuna tunda.

Sikufichi, mlima huo huo unaua. Tarehe 4 Januari 2010 upande wa mlima uliporomoka kule Attabad, ukaua watu 20 na kuziba mto. Ziwa likapanda, likameza nyumba, bustani na barabara, na kwa miaka mitano watu na magari walivushwa kwa mashua, hadi mahandaki yalipofunguliwa mwaka 2015. Leo watalii wanapiga picha kwenye maji yale ya buluu. Mimi niliyatazama nikafikiria miti iliyo chini. Na Mei 2022 ziwa lililozuiwa na barafu ya Shisper lilifumuka, likabeba daraja la Hassanabad.

Hapo ndipo nilipofikiria shamba letu. Nilipopanda Mlima Kenya nikiwa msichana, barafu ya Lewis ilikuwa pana, tulitembea juu yake. Sasa imebaki kidogo sana. Wewe umesema maji yamekwisha kwa sababu barafu imekwisha, na nusu ya kijiji inasema hivyo hivyo. Si kweli, baba. Mito yetu hulishwa zaidi na mvua na msitu kuliko barafu. Kule Hunza barafu ikiisha, hakuna atakayebaki. Kwetu, sehemu kubwa ya maji yanayokosekana kiangazi huchukuliwa njiani, kwa mabomba na pampu zilizo juu yetu, na kwa miti iliyokatwa. Maji yaliyochukuliwa yanaweza kudaiwa. Jumuiya ya watumiaji maji ipo, babu yako alikuwa akienda mikutanoni kwa baiskeli, na tangu tumzike hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga huko. Mimi pia sijaenda. Kosa hilo ni langu kabla halijawa lako.

Basi usitie sahihi. Nipe misimu miwili. Nimeongea na jirani yetu wa juu, amesema mfereji umejaa mchanga kuanzia pale kwenye mgumo, na mitufaha miwili ya babu bado inazaa ingawa hakuna anayeipogoa. Nitapanda matatu ya asubuhi Jumamosi, mkutano wa jumuiya ni saa nne. Njoo na buti za mpira na lile koleo lililo nyuma ya mlango wa stoo. Mimi nitabeba chai na mfuko wa aprikoti kavu, nimekuwekea nusu kilo.

Mama yako