Kabla Hujaitupa Ruta Yako

Dar es Salaam

Kwako ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, tatizo letu ni joto tu. Barua yako niliipokea, na kwa kuwa maswali uliyouliza hayajibiki kwa simu ya dakika mbili, nimeona heri nikae niandike. Ulitaka kujua kama ile ruta yako, kifaa kinachokugawia intaneti nyumbani, ambayo kampuni iliyoitengeneza imeacha kuitolea masasisho, sasa ni ya kutupa. Na kama ni busara kuiwekea OpenWrt, programu dhibiti (yaani programu inayoendesha ruta yenyewe) ambayo, kwa maneno yako, imeandikwa na watu tusiowajua. Naanza na hilo la pili, maana nadhani ndilo linalokutia wasiwasi zaidi.

Hata programu iliyomo ndani ya ruta yako leo imeandikwa na watu tusiowajua, Mwalimu, na zaidi ya hayo haturuhusiwi kuona walichoandika. OpenWrt ilizaliwa kutokana na mzozo juu ya jambo hilohilo. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta iliyoitwa WRT54G, na mwaka uliofuata wajuzi wa Linux wakagundua kwamba programu iliyokuwa ndani yake imejengwa juu ya Linux, mfumo endeshi huria ambao leseni yake ya GPL inamtaka kila anayeusambaza awape pia watumiaji msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Kukawa na mvutano, na Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys mwaka huohuo wa 2003, hatimaye ikauweka msimbo hadharani. Januari 2004 wapenzi wa kompyuta wachache walianza kuuchambua na kuuandika upya, na kazi hiyo haijakoma hadi leo. Toleo la 24.10 lilitoka Februari 2025 likitumia kiini cha Linux 6.6, na wakati huo tawi la maendeleo, yaani nakala inayoandaliwa kuwa toleo lijalo, lilikuwa tayari limeacha opkg, chombo cha zamani cha kusakinisha vifurushi vya programu, na kuhamia apk, kile kinachotumiwa na Alpine Linux, mfumo mwingine wa jamii ya Linux. Kwa hiyo kama ulidhani ni mradi uliokufa, ondoa shaka.

Ningependa uone jinsi ruta moja inavyoingizwa katika orodha ya zinazokubalika, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuwaamini watu hawa. Mtu ananunua ruta, anaifungua kwa bisibisi, kisha anatafuta kwenye bodi vile vitundu vitatu au vinne vilivyopangwa mstari mmoja, ambavyo kiwanda hutumia kuijaribu. Anaunganisha nyaya kwa risasi, anaziingiza kwenye kompyuta kupitia kigeuzi cha USB cha volti 3.3, akiwa mwangalifu kwa sababu volti 5 zinaweza kuiunguza chipu, halafu anawasha umeme na kusoma maneno ambayo ruta huyatema inapoamka. Anapakua nakala nzima ya memori yake kabla hajagusa chochote. Baada ya hapo anaandika faili linaloeleza bodi hiyo kwa kiini cha Linux: taa ya kijani inawashwa na pini ipi, kitufe cha kurejesha mipangilio kiko wapi, memori imegawanywa vipi, na namba za utambulisho za kadi za mtandao zinasomwa kutoka mahali gani. Kuna kipande kidogo cha memori kinachobeba vipimo vya redio ambavyo kiwanda kilivipima kwa kila ruta peke yake; kikifutika, Wi-Fi ya ruta hiyo haiwi tena kama ilivyokuwa, na hakuna pa kukipata kingine kilicho sawa nacho. Ndiyo maana katika faili hilo kipande hicho huwekewa alama ya kusomwa tu.

Akimaliza, anatuma kazi yake ikiwa na sahihi ya jina lake, na wengine wanaisoma mstari kwa mstari. Nimewahi kufuatilia mabishano ya namna hiyo kwa majuma kadhaa, mtu akiambiwa arekebishe mpangilio wa nafasi kati ya maneno, aeleze kwa nini amechagua rangi hii ya taa kuonyesha kwamba ruta imewaka, aandike hatua za kumrudisha mtumiaji kwenye programu ya kiwandani iwapo atajuta. Sisemi kwamba mambo yao ni shwari siku zote. Mei 2016 baadhi ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha mradi wao, LEDE, wakilalamika kwamba maamuzi yanafanywa gizani na mitambo ya mradi haitunzwi ipasavyo. Januari 2018 wakaungana tena, jina likabaki OpenWrt na taratibu nyingi zikawa zile za LEDE. Mimi naona ugomvi ule uliwasaidia.

Suala la usalama sitalipaka rangi. Mapema Desemba 2024 mtafiti mmoja wa Kijapani aligundua kasoro mbaya katika huduma yao ya kumtengenezea mtumiaji programu dhibiti kulingana na vifurushi alivyochagua. Seva ilikuwa inalitambua kila ombi kwa alama ya SHA-256, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na ombi lenyewe, lakini alama hiyo ilikuwa inakatwa na kubakizwa herufi 12 tu, kiasi kwamba mtu mwenye kompyuta yenye nguvu angeweza kutafuta ombi jingine lenye herufi zilezile. Tena, orodha ya vifurushi haikuwa ikichujwa vizuri, na mjanja angeweza kupenyeza amri zake mle. Ukiunganisha matundu hayo mawili, mshambuliaji angeweza kumpa mtumiaji asiye na hatia programu iliyotiwa sumu. Baada ya kupewa taarifa, wahusika waliifunga huduma hiyo na kuirekebisha ndani ya saa chache. Kisha wakatangaza wenyewe: kumbukumbu walizoweza kuzikagua hazikuonyesha uhalifu wowote, ila zilirudi nyuma siku saba tu, hivyo aliyetumia huduma hiyo ashauriwe kuweka programu upya kwa tahadhari. Sentensi hiyo ya siku saba ndiyo iliyonigusa. Wangeweza kuinyamazia.

Sasa turudi kwenye ruta yako. Jibu linategemea mambo mawili, memori na chipu ya redio. Ruta nyingi za bei nafuu za miaka iliyopita zilikuwa na memori ya kuhifadhia programu ya MB 4 na RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya MB 32. Hizo, Mwalimu, tuziage kwa heshima: toleo la 19.07 ndilo la mwisho lililozibeba, na kuanzia toleo la 21.02 la mwaka 2021 kinachotakiwa ni angalau MB 8 na RAM ya MB 64, kwa kuwa kiini cha Linux chenyewe kimenenepa mwaka hadi mwaka. Utawakuta watu mtandaoni wanaokushawishi uweke toleo la zamani ili ruta iendelee kufanya kazi. Usiwasikilize. Programu huria isiyopata masasisho ina hatari ileile ya programu ya kampuni isiyopata masasisho, na kwa upande huo hutakuwa umepata faida yoyote.

Kuhusu chipu, zile za MediaTek na nyingi za Atheros zina draiva (programu zinazoendesha chipu) zilizo wazi, na draiva ya mt76 inayoendesha za MediaTek ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote katika mradi huu. Broadcom, mtengenezaji mwingine wa chipu, ni habari nyingine. Kampuni hiyo imezificha draiva zake nyingi, kwa hiyo ruta yenye chipu yake inaweza kuwaka vizuri, ikapitisha intaneti kwa waya bila tatizo, lakini Wi-Fi ikawa dhaifu au isiwepo kabisa. Inachekesha kidogo, kwa sababu WRT54G iliyoanzisha yote haya ilikuwa ya Broadcom.

Ikiwa ruta yako itafaa, faida utakayoiona kwanza haitakuwa usalama. Uliniandikia kwamba kijana wako akianza kupakua michezo, masomo yako ya video yanakatika hata kama kasi unayoilipia ni nzuri. Kwa kawaida chanzo chake ni ruta kulundika data katika foleni ndefu mno: pakiti (vipande vya data) zako ndogo za sauti zinasubiri nyuma ya mlima wa pakiti za michezo. Tangu mwaka 2011 Dave Täht na wenzake walilishughulikia tatizo hili kwa kutumia OpenWrt kama uwanja wao wa majaribio, na mbinu iliyoiva humo, fq_codel, ilichapishwa mwaka 2018 kama RFC 8290, mojawapo ya hati za kitaalamu za intaneti, na leo imo ndani ya Linux kila mahali. Utaratibu wake ni wa bombani: mwenye madumu ishirini anajaza moja, anampisha mwenye kikombe, ndipo anaendelea na la pili. Täht alifariki Aprili 2025, na sijui ni wangapi kati ya wanaozungumza kwa video bila kukatika waliowahi kulisikia jina lake.

Ili mbinu hiyo ifanye kazi vizuri nyumbani kwako utasakinisha kifurushi cha SQM, cha kusimamia foleni, uchague CAKE, mbinu ya jamii ya fq_codel, kisha uandike kasi iliyo chini kidogo ya ile unayoipata kweli unapopima, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako inayojua kuipanga badala ya kujengeka kwa mtoa huduma. Kwa intaneti ya faiba jambo hili ni rahisi. Kwa ya simu ni gumu zaidi kwa sababu kasi hupanda na kushuka, na namba uliyoiandika asubuhi inaweza isifae jioni. Tena, kazi hiyo inakula nguvu za kichakataji, na ruta ya zamani inaweza kushindwa kupanga foleni ya kasi kubwa.

Kuhusu kuiweka yenyewe, hofu yako ya umeme ina msingi. Umeme ukikatika ruta ikiwa inaandika programu mpya katika memori, unaweza kubaki na sanduku lisilowaka, kwa hiyo iunganishe na betri kwanza, na utumie waya kati yake na kompyuta wala si Wi-Fi. Baada ya hapo hofu inapungua sana. Mfumo mkuu hukaa katika sehemu isiyoandikwa, na mipangilio yako hukaa katika tabaka la juu yake. Ukikosea mipangilio hata ukajifungia nje, unabonyeza kitufe wakati taa inapomweta mwanzoni, ruta inaamka bila kulisoma tabaka hilo, nawe unaingia na kurekebisha. Usishtuke ukiona Wi-Fi haipo mara ya kwanza, kwani kwenye ruta nyingi imezimwa kwa makusudi. Fungua kivinjari kwenye 192.168.1.1, weka nywila, chagua Tanzania katika mipangilio ya redio ili nguvu na masafa yafuate sheria za nchi, ndipo uiwashe.

Na kama haitafaa, kuna njia nyingine, ingawa ina gharama. Mwishoni mwa 2024 mradi wenyewe, ukishirikiana na shirika la Software Freedom Conservancy, ulianza kuuza ruta yake, OpenWrt One, inayotengenezwa na Banana Pi. Ina chipu ya MediaTek na RAM ya GB 1, iliuzwa kwa dola 89 pamoja na kasha lake, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye mfuko wa mradi. Ninachokipenda zaidi ni kwamba ina memori mbili tofauti na swichi ya kuchagua iamke kutoka ipi, hivyo kuiharibu kabisa ni kazi kweli. Hata hivyo, ukijumlisha usafirishaji na ushuru hiyo si bei ya mshahara wa mwalimu, na nisingekushauri kuiagiza kabla hatujaichunguza uliyo nayo.

Kwa hiyo naomba uigeuze ruta yako, uipige picha karatasi iliyobandikwa chini yake, na unitumie. Hakikisha yanaonekana maandishi madogo kando ya jina la modeli, yale ya v1, v2 au v3, maana jina pekee halitoshi. WRT54G hiyohiyo ilipofika toleo la tano mwaka 2005 ilipunguziwa memori kutoka MB 4 hadi 2 na RAM kutoka MB 16 hadi 8, Linux ikaondolewa, na waliotaka ya zamani wakalazimika kununua nyingine iliyoitwa WRT54GL, ilhali kwa nje zilifanana. Nikiipata picha nitalinganisha na orodha ya mradi na kukupa faili lenyewe la kupakua, pamoja na namna ya kuhakiki alama yake ya SHA-256. Kabla ya hapo usibonyeze kitu, na mwambie kijana wako naye asibonyeze, maana namfahamu.

Msalimie sana shemeji.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.