Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: Marubani wa helikopta pia ni wafanyakazi wa ng'ambo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Lang'ata, ambako ndege za uwanja wa Wilson, Nairobi, hupita juu ya paa langu tangu alfajiri. Baadhi huelekea kaskazini. Mimi hupanda mojawapo kama abiria, nikifika Juba, Sudan Kusini, ndipo ninapokuwa rubani.

Najua ukisikia neno hilo unaona shati jeupe, mabega yenye mistari na mtu asiyejua njaa. Hata shemeji zangu wanaona hivyo. Kukiwa na harusi, mchango wangu huandikwa kabla sijaulizwa.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Mvua ikianza Sudan Kusini, viwanja vya udongo mweusi hugeuka tope linalonasa magurudumu, na ndege za kawaida haziwezi kutua. Mahali kama Old Fangak, katikati ya vinamasi vya Jonglei, hufikiwa kwa mtumbwi au kwa helikopta. Tunabeba chanjo, chakula, na mama aliyelala na uchungu siku mbili. Mafuta huwa kwenye mapipa kando ya uwanja. Kabla ya kuyapampu, nachovya kijiti kilichopakwa dawa mpaka chini ya pipa. Dawa ikibadilika rangi, kuna maji, na maji yakifika kwenye injini umekwisha. Pipa zuri nalo tunalipitisha kwenye chujio, jua likitupiga kisogoni. Usiku tunalala ndani ya kontena. Jenereta ikizimwa, feni nayo inanyamaza, unabaki wewe na mbu.

Hatari nyingine haina kijiti cha kuipima. Desemba 2012 jeshi la Sudan Kusini lilitungua helikopta ya Umoja wa Mataifa karibu na Likuangole, Warusi wanne waliokuwamo wakafa wote. Agosti 2014 nyingine ikatunguliwa karibu na Bentiu, wakafa watatu. Tarehe 7 Machi 2025, helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda Nasir kuwaondoa wanajeshi ilimiminiwa risasi, mhudumu mmoja akafa na wawili wakajeruhiwa.

Siku hiyo ya Nasir mimi nilikuwa Juba. Mke wangu alipiga simu mara kumi na moja kabla mtandao haujakubali. Nilipopokea nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi sirushi. Sikumwambia kwa nini sirushi.

Mkataba wangu ulikuwa wa kulipwa kwa siku: dola 160 kwa kila siku niliyo kambini. Wiki nane kazini, wiki nne nyumbani, na hizo nne hazina hata senti. Mwenzangu wa pasipoti ya Ulaya, mwenye saa za kuruka karibu sawa na zangu, alinizidi dola 90 kwa siku. Ni yeye mwenyewe aliyenionyesha hati yake ya malipo, kwa aibu, kwa hiyo sina kinyongo naye.

Helikopta ilisajiliwa nchi moja. Kampuni iliyoiendesha iko nchi ya pili. Aliyekuwa akinilipa ni wakala wa nchi ya tatu, ambaye sijawahi kumwona uso. Kazi yenyewe ikafanyiwa nchi ya nne. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, safari zikapungua, kisha kandarasi yetu ikakatwa. Malipo ya Desemba na Januari yalikuwa bado hayajaingia. Wakala akaacha kujibu barua pepe. Mimi na wenzangu wawili tulikaa Juba wiki tano tukikopeshana pesa za chakula, hadi rubani mmoja wa ndege ya mizigo, rafiki yangu wa zamani, aliponipa kiti hadi Nairobi. Hadi leo namdai wakala huyo karibu dola 9,000.

Wakili niliyemwendea aliniuliza nataka kumshtaki nani, na wapi. Mkataba unasema kesi isikizwe nchini kwa wakala. Umoja wa Mataifa, tuliokuwa tukiurushia, hauguswi, una kinga tangu mkataba wa kimataifa wa 1946. Akasoma na hati yangu ya bima ya maisha, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: kifo kinachotokana na vita hakilipwi. Nimekuwa nikilipia bima hiyo miaka sita.

Sasa, Mheshimiwa, sheria unayo tayari. Sehemu ya 11 ya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83 hadi 86, inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba, na mwajiri asiye na makao hapa, au wakala wake, aweke dhamana kwamba atautimiza. Kumshawishi mtu aende ng'ambo bila mkataba wa namna hiyo ni kosa. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii, na sijakutana na rubani Mkenya hata mmoja wa helikopta ambaye karatasi zake zilipita mikononi mwa afisa wa leba. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege hukagua leseni zetu na afya yetu. Mshahara si kazi yake. Nilipokwenda kuuliza katika afisi moja, sitaitaja, kijana wa dirishani alitaka kujua kama naenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani. Dada zetu walio Saudia wanastahili ulinzi zaidi ya huo wanaoupata, nisieleweke vibaya. Lakini fomu isimtambue mtu kwa sababu tu anavaa shati jeupe?

Mwangalie baharia. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini mwaka 2014, na tangu 2017 mwenye meli anatakiwa awe na dhamana ya fedha: akiwatelekeza mabaharia bandarini, wanalipwa hadi miezi minne ya mshahara na kurudishwa kwao. Kijana wa Likoni aliyetupwa na meli yake bandari ya mbali ana karatasi ya kushika. Mimi niliyetupwa Juba, safari ya kama saa mbili kutoka Wilson, nilikuwa na namba ya simu isiyopokewa.

Ninachoomba ni kwamba wakala yeyote anayeajiri rubani au fundi wa ndege hapa kwenda nje alazimishwe kuweka dhamana ya miezi minne ya mshahara na tikiti ya kurudi, na bima inayotaja vita kwa jina, kabla hajatia sahihi. Pengo la mishahara kwa sababu ya pasipoti tutakuja kulizungumza siku nyingine. Najua hilo ni gumu zaidi.

Nimepata kandarasi nyingine, Juba tena, wakala mwingine. Sijatia sahihi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitauleta mkataba huo kwa afisa wako wa leba authibitishe kama kifungu cha 83 kinavyosema. Ndege yangu inaondoka Alhamisi.

Wako,
Rubani wa helikopta, Lang'ata