Swahibu, kazi hii ni ya kuhesabu

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako niliipata Jumatatu. Nimeisoma mara mbili kando ya bwawa, na mara ya pili ikalowa, kwa hiyo ukiniuliza yaliyokuwa kwenye aya ya mwisho nitakudanganya tu. Swali lenyewe nimelishika: chuo kikuu kimoja huku Marekani kimekuita uwe kocha msaidizi wa kuogelea masafa marefu, na wewe miaka yote umefundisha watoto wa mbio fupi. Unataka nikueleze kazi ilivyo kabla hujawajibu.

Ni kazi ya kuhesabu. Sikutanii.

Tuanze na bwawa. Msimu wa vyuo huogelewa kwa yadi, bwawa la yadi 25, yaani mita 22.86, na kichwa chako kilichozoea mita kitakusumbua mwezi mzima. Mbio zako zitakuwa yadi 500 na yadi 1,650. Hiyo ya pili wenyewe huiita maili, ingawa maili kamili haifiki. Ni urefu wa bwawa mara 66. Mwogeleaji aliyechoka hawezi kuzihesabu, kwa hiyo mwenzake huchuchumaa upande wa pili wa njia yake na kuzamisha kibao cha namba majini kila anapokuja kugeuka. Urefu wa mwisho ukifika, kibao huwa rangi ya chungwa tupu.

Mshika kibao usimdharau hata kidogo. Mwaka wangu wa pili, wetu alikuwa akizungumza na mtu, akaruka namba. Binti akaona rangi ya chungwa, akamalizia nguvu zake zote, akagusa ukuta na kuvua miwani. Njia ya kushoto wakageuka, ya kulia wakageuka, yeye anatazama ubao wa matokeo ambao haukuwa na jina lake. Kanuni zinasema kosa la kibao ni lake mwogeleaji. Tangu siku hiyo nahesabu mwenyewe, kwa kalamu, kijistari baada ya kijistari, hata ningekuwa na saa tatu mkononi.

Na usitegemee watazamaji. Kwenye mashindano ya mwezi Machi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, kundi la kasi zaidi la yadi 1,650 huogelea jioni pamoja na fainali nyingine, lakini makundi mengine huogelea mchana, saa ambayo watu wamekwenda kula. Nimewahi kumpigia kelele kijana aliyekuwa akivunja rekodi yake kwa sekunde tisa, na sauti pekee iliyonijibu ilikuwa ya mtu anayesukuma mashine ya kufuta maji sakafuni.

Saa nazo utazihesabu. Ndani ya msimu NCAA inaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki, na siku moja ya mapumziko ya lazima. Siku ya mashindano huandikwa kuwa ni saa tatu tu za mazoezi, hata mkishinda hapo tangu alfajiri. Kwa kocha wa mbio fupi saa 20 ni nyingi. Kwako wewe, mwenye vijana wanaohitaji yadi 6,000 hadi 8,000 kwa zoezi moja, ni blanketi fupi: ukifunika miguu kifua kiko nje. Utabishana na kocha wa mazoezi ya viungo juu ya dakika 30, nawe utabishana kwelikweli.

Kuhusu njia ya kupanda nitasema kidogo, maana wewe unaingilia mlango mzuri. Mimi nilianza kama kocha wa kujitolea, cheo ambacho NCAA ilikifuta kwenye Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, mwaka 2023, na sikukililia. Nilikula kwa kufundisha watoto wa chekechea kupuliza mapovu. Wewe utalipwa, lakini nusu ya siku yako itakuwa simu za kusajili vijana na kuwabembeleza wazazi. Soma mkataba, hasa palipoandikwa mwezi ambao mshahara unasimama.

Sasa maji ya wazi, yaani kuogelea ziwani au baharini, ambayo najua ndiyo yaliyokuvuta. NCAA haina ubingwa wa maji ya wazi. Chuo hakipati pointi hata moja kwa kijana wako kuogelea kilomita 10 ziwani, kwa hiyo utaifanya kazi hiyo msimu ukiisha, na kocha mkuu atakuuliza ya nini. Mimi humjibu kwa mwaka 2012. Kwenye Olimpiki ya London, Oussama Mellouli, Mtunisia aliyesoma Chuo Kikuu cha Southern California, alipata shaba ya mita 1,500 bwawani, na siku chache baadaye akachukua dhahabu ya kilomita 10 kwenye ziwa la Serpentine. Hakuna aliyewahi kupata medali bwawani na kwenye maji ya wazi katika michezo ileile kabla yake. Haley Anderson, wa chuo hichohicho, akapata fedha ya wanawake, nyuma ya Éva Risztov wa Hungaria kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Karibu saa mbili majini, halafu tofauti ni kupepesa jicho. Kocha mkuu hunyamaza hapo, angalau hadi mwaka unaofuata.

Kule hakuna ukuta wala njia. Utasimama kwenye gati umeshika ufito mrefu wenye kikombe kwenye ncha, na mwogeleaji anapita akiwa kundini, ananyakua, anageuka chali, anakunywa, anatupa. Sekunde chache tu. Ukimwaga kikombe, au ukiunyoosha ufito mbali naye, kundi linamwacha, na aliyeachwa na miguu ya mbele anakata maji peke yake. Sisi tulifanya mazoezi ya ufito kwa ndoo kwenye maegesho ya magari, watu wakitucheka.

Zaidi ya hapo unahesabu mikono. Kila mwogeleaji wako lazima umjue kwa mapigo ya mikono yake kwa dakika, akiwa mzima na akiwa hoi.

Jina la Fran Crippen unalijua. Aliogelea Chuo Kikuu cha Virginia, akafa Oktoba 2010 kwenye mbio za kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, akiwa na umri wa miaka 26, maji yakiwa ya moto. Wenzake waliokwisha maliza ndio waliogundua kwamba hayupo. Kanuni zilikuja baadaye: kimataifa maji yasizidi nyuzi 31, na chama cha kuogelea cha Marekani kimeweka kikomo cha 29.45. Nazijua namba hizo kama namba ya simu yangu.

Kiangazi kimoja maji ya ziwa yalipimwa nyuzi 29 asubuhi. Halali kabisa. Kijana wangu huenda mapigo 76 kwa dakika, na mzunguko wa tatu nilimhesabu 75, nikatulia. Akaja kwenye gati, akachukua kikombe, akaniambia, "Asante, kocha." Swahibu, huyu mtoto ni mpole nchi kavu, lakini kwenye mbio hajawahi kuniambia asante. Huchukua kikombe kama anayekupora. Nikaanza kuhesabu upya: 70, kisha 64, na kichwa kinaelekea boya lisilo letu. Nikamwambia mwenye kayaki amtoe.

Daktari alisema joto la mwili limepanda, si la kutisha sana. Huenda angemaliza. Alikuwa wa sita, na nafasi za timu ya taifa ziliishia kwa wa nne. Hakuniongelesha mpaka Septemba, na mzazi wake aliniandikia barua ambayo sitakunakilia hapa. Kocha mkuu hakusema neno, ila mwaka uliofuata bajeti ya safari za maji ya wazi ilipunguzwa.

Sasa na wewe jiulize kama utaweza kufanya hivyo kwa sababu ya neno "asante", tena mbele ya wazazi. Usipokuwa na hakika, omba kazi ya mbio fupi, nafasi zipo nyingi na hazina ziwa.

Ukiikubali, nunua kofia pana, na kalamu zinazoandika kwenye karatasi iliyolowa. Usije na viatu vyeupe. Nitakupigia Jumapili baada ya zoezi la asubuhi. Ukiniona nakujibu kwa mkato, ujue bado kuna mtu majini.

Nisalimie watoto wako wa mbio fupi.

Ni mimi,
Mzee wa Vijistari