Masega mazima hayali mafuta, tundu la ekzosi ndilo linalokula

Mhariri,

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikishatangaza bei kikomo za mafuta, gereji za mtaani hupata wateja wa aina moja: wenye IST, Vitz, Premio na Noah wanaotaka "kufunguliwa ekzosi" ili gari lipunguze ulaji. Wanaambiwa masega (kichujio cha sumu ya moshi ndani ya ekzosi) yanabana moshi, injini inahangaika kuusukuma, na mafuta yanaishia hapo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini kazi hiyo, kwa gari ambalo masega yake ni mazima, haiokoi mafuta, na mara nyingi inayaongeza.

Masega ni kipande cha seramiki chenye maelfu ya vitundu, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kidogo sana, ili sumu iliyomo kwenye moshi igeuzwe kabla ya kutoka nje. Yanabana kidogo, kweli. Lakini gari la cc 1,500 likiwa kwenye foleni, au likienda 80 kwa saa barabara ya Chalinze, linatoa moshi kidogo kuliko uwezo wa masega hayo kuupitisha. Wakati huo kinachoibana injini zaidi ni throto yenyewe (kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta), kwa sababu dereva hajaifungua yote. Mbano wa masega unaanza kuonekana mguu ukiwa chini kabisa na injini iko mizunguko 5,000 kwa dakika na kuendelea. Ni dereva gani wa Dar es Salaam anaendesha hivyo kutwa nzima?

Hasara iko kwenye kuchomelea. Fundi anakata bomba, anatoa masega au anayavunja kwa nondo na kuacha kopo tupu, kisha anaunga. Kwenye gari nyingi masega ya kwanza yako karibu na manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), na sensa ya oksijeni iko hapo hapo jirani. Moshi hutoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo, presha ndani ya bomba hushuka chini ya presha ya nje, na tundu dogo la kuchomelea, au gasketi ya zamani iliyorudishwa, linanyonya hewa. Sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka ndani ya silinda. Kompyuta ya gari inaamini mchanganyiko umekosa petroli, inaongeza. Injini iliyokuwa ikienda vizuri kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1 sasa inamwagiwa petroli isiyoihitaji. Plagi zinakuwa nyeusi kavu kama zimepakwa masizi, nyuma kunanuka petroli, na mashine ya kupimia inaweza kusoma kosa namba P0171, yaani mafuta pungufu, huku gari likiwa linakunywa! Wengi wakifika hapo wanauziwa sensa mpya, na tatizo linabaki palepale.

Mbona basi wako wanaoapa kwamba waliona nafuu? Sababu ni mbili. Ya kwanza, siku ya kutoa masega fundi huwa anasafisha throto, anabadilisha plagi na filta ya hewa, na anachomoa betri, hivyo kompyuta inaanza kujifunza upya. Nafuu imetoka huko, sifa wamepewa masega. Ya pili ni nzito zaidi: masega yalikuwa yameziba kweli. Masega yaliyoziba yanaua nguvu, yanapandisha joto na yanakula mafuta, na kuyaondoa kunaleta tofauti siku hiyo hiyo. Ila hayazibi yenyewe. Injini ikimisi (silinda ikikosa kuwasha mafuta), petroli isiyoungua inakwenda kuungua ndani ya masega na kuyeyusha seramiki. Injini inayokula oili kwa sababu ya ringi zilizochoka inayapaka majivu taratibu. Ukiyatoa bila kurekebisha koili, plagi au ringi, ugonjwa umeuacha ndani. Na wanaosingizia mafuta yetu wakumbuke kwamba petroli yenye risasi, adui mkubwa wa masega, iliondoka kwenye vituo vya Kusini mwa Jangwa la Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006.

Kujua kama yameziba hakuhitaji msumeno. Pasha injini moto, izime, fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, funga geji ya presha mahali pake. Sensa nyingi zina uzi wa M18 kwa 1.5, baadhi ya Toyota zimeshikwa na nati mbili, hizo zinataka kibati cha kuunganishia. Washa. Bila kukanyaga mafuta, geji isizidi takriban psi 1.5, kwenye mizunguko 2,500 isizidi psi 3 hivi. Ikipanda hadi 5 au 8, yameziba. Asiye na geji hiyo atumie ya vakyumu (ya kupima mnyonyo wa hewa) kwenye manifoldi ya kuingizia hewa: shikilia mizunguko 2,500, sindano ikianza kushuka pole pole badala ya kutulia, moshi hauna njia. Ukigonga kopo kwa ngumi likiwa limepoa na kusikia vipande vinacheza, seramiki imevunjika, na vipande hivyo vinaweza kwenda kuziba mafla.

Kuhusu mabomba manene na mafla za kelele sina mengi. Kwa injini ndogo isiyo na tabo (feni ya kusukumia injini hewa), bomba la inchi 2 na nusu linapunguza mwendo wa moshi, injini inaweza kupoteza nguvu kwenye mizunguko ya chini, na dereva anafidia kwa kukanyaga. Gari za tabo, kama baadhi ya Subaru Forester, kweli zinafaidika na njia pana baada ya tabo, lakini faida hiyo ni ya nguvu. Tena presha ya tabo inaweza kupanda kupita kiasi kilichopangwa, hivyo kompyuta inatakiwa ipangwe upya. Na ule mlio unamfanya mtu apige resi kila taa zinapowaka kijani, sasa mafuta yatapungua vipi?

Kuna jambo ambalo wateja hawaambiwi. Masega yana thamani. Machi 2021 aunsi moja ya rodiamu ilifika karibu dola 29,000 za Marekani, na ingawa imeshuka sana tangu hapo, wanunuzi wa masega chakavu bado wapo. Ukiambiwa utafunguliwa ekzosi bure, ujue malipo yamebaki gereji.

Anayetaka kubadilisha chochote kwenye ekzosi apime kwanza ulaji, na geji ya dashibodi haitoshi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, andika kilomita, tembea kama kawaida angalau kilomita 300, rudi pampu ile ile, jaza mpaka ijikate, gawa kilomita kwa lita. Kilomita 384 kwa lita 32 ni 12 kwa lita. Rudia mara tatu kabla na mara tatu baada, upepo wa matairi ukiwa ule ule.

Kama masega yamethibitika kuziba, funga mengine yanayolingana na cc za injini, kwa flenji na gasketi mpya, sensa zikae umbali ule ule. Kwa aliyekwisha kuyatoa, asikubali balbu ya taa ya injini ichomolewe ili kuficha P0420 (kosa la masega kutofanya kazi), maana taa hiyo hiyo ndiyo itakayomwambia siku injini ikimisi. Injini ikiwa baridi lakini imewashwa, mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache huku mwingine akisikiliza mlio wa "sss" kwenye viungo na kutafuta mistari ya masizi. Tundu chini ya sakafu pia linaweza kuingiza ndani ya gari monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu. Kisha asome kwenye mashine namba ya LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza: kati ya -10 na +10 ni ya kuvumilika. Ikizidi +10, arudi kwa mchomeleaji kabla hajanunua sensa.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam