Skuli za wasichana ziwe na daftari la wanafunzi wao wa zamani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na walimu wakuu wa skuli zetu za wasichana, Unguja na Pemba, pamoja na sote tuliopitia skuli hizo. Mwaka 2027 itatimia miaka 100 tangu serikali ilipofungua skuli yake ya kwanza ya wasichana hapa Zanzibar. Kabla hatujafika huko, ninaomba kila skuli ya wasichana iwe na daftari linaloonesha wanafunzi wake wa zamani wako wapi na wanafanya kazi gani. Wote, si wale tunaowaalika kuwa wageni rasmi tu.

Nasema hivi kwa sababu nimehudhuria mahafali mengi, kama mzazi na kama mwanafunzi wa zamani, na risala ni ile ile. Atatajwa waziri, atatajwa jaji, daktari bingwa na mkurugenzi. Wanastahiki, na mimi huwapigia makofi kwa moyo wote. Lakini binti wa kidato cha pili aliyekaa nyuma ya ukumbi, ambaye karibuni atatakiwa achague mchepuo wa sayansi, sanaa au biashara, anatoka pale bila ya kuambiwa kitu cha kumsaidia. Waziri ameshamuona kwenye televisheni. Mpima ardhi mwanamke hajamuona. Wala hajui kuwa yule fundi wa maabara aliyempima damu mdogo wake alisoma skuli hii hii, pengine chumba kile kile.

Hata mkubwa wao tunamsimulia nusu. Siku hizi ni nadra mahafali kupita bila ya kutajwa Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Makunduchi aliyeapishwa Machi 2021. Ni haki yake kutajwa. Kinachoachwa ni sehemu yenye faida zaidi kwa wasikilizaji wale: kwamba mwaka 1977, baada ya sekondari, aliajiriwa kuwa karani katika wizara ya mipango, akawa anasoma huku anafanya kazi, na stashahada ya juu ya utawala akaipata Mzumbe mwaka 1986. Baina ya ukarani na stashahada ile kuna miaka tisa. Msichana aliyepata divisheni ya nne, ambaye nyumbani ameshaambiwa kuwa mambo yake yamekwisha, anahitaji kuisikia hiyo miaka tisa kuliko kusikia habari za Ikulu.

Tulikotoka si mbali. Mji huu ulikuwa na watoto wa kike waliohitimu Kurani, wanaisoma vizuri kabisa, lakini kalamu wamekatazwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa kujificha, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Skuli ya mwaka 1927 ilipofunguliwa hofu ilikuwa ile ile: msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Kwa hiyo masomo ya mwanzo yakatiliwa mkazo dini, mapishi, ushoni na malezi, ili wazee watulie. Wakatulia, wakawapeleka watoto wao. Humo ndimo walimotoka walimu wetu wa kike, wauguzi na wakunga, kwa kuwa hizo ndizo kazi ambazo familia ziliona mtoto wa kike anaweza kuzifanya na heshima yake isiguswe. Anafundisha watoto wa kike, anazalisha wanawake wenziwe; nani atalalamika?

Na hao nao walikuwa na waliowatangulia. Pale Mbweni, magofu ambayo wageni hupelekwa kuyapiga picha yalikuwa skuli ya wasichana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ndiyo iliyoijenga, na Caroline Thackeray aliiongoza tangu mwaka 1877 hadi 1902. Wapo wasichana waliotoka pale wakiwa walimu, wakaenda kufundisha mpaka bara. Jina la mwalimu wao Muingereza tunalo. Ya kwao wangapi miongoni mwetu wanaweza kuyataja hata mawili? Hiki ndicho kinachoniuma, kwa sababu naona na sisi tunaelekea huko huko, na safari hii hatuna wa kumlaumu.

Baada ya tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilipotangazwa kuwa bila ya malipo, madarasa yalijaa watoto wa shamba na wa mjini, wa mvuvi na wa karani. Darasa letu lilikuwa hivyo, na kazi tulizoziendea zikawa hivyo hivyo, kila mtu na njia yake. Tunao walimu wengi, bila shaka. Tunaye mkunga aliyefanya kazi Micheweni mpaka sasa anazalisha mabinti wa wale aliowazalisha. Tunaye mhasibu, mkalimani wa lugha ya alama, mpishi mkuu wa hoteli, na mmoja anayesimamia mafundi wa umeme wanaume watupu. Wapo waliolea watoto na wazee nyumbani maisha yao yote, na hao pia nawahesabu, maana bila ya wao wengi kati yetu tusingeweza kutoka asubuhi kwenda kazini.

Mmoja nimueleze kidogo. Anaishi upande wa kusini wa Unguja, kwenye pwani ya mwani. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake walioanza kilimo hicho mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mwani wa biashara ulipoingia kwetu, na alikuwa akiuuza mkavu kwa kilo, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Mwenzetu alipomaliza kidato cha nne hakupata nafasi ya kuendelea, akarudi kwao. Leo anatengeneza sabuni. Mwani wake anaukausha, anausaga, anauchanganya na mafuta ya nazi na ya mkarafuu. Nilimkuta amevaa glavu na miwani, mizani ya kidigitali mezani, anapima kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, gramu kwa gramu. Kisha akaimimina kidogo kidogo ndani ya maji, akikoroga kwa mwiko wa mti, ameugeuza uso pembeni usipigwe na mvuke. Msichana anayemsaidia alitaka kufanya kinyume chake, ayamimine maji juu ya kostiki, akamshika mkono hapo hapo: "Mwanangu, itaruka ikuunguze." Nikamuuliza kajifunza wapi. Akanijibu kwamba ni maabara ya kidato cha tatu, kwenye kipindi cha asidi na besi. Sabuni ile hukaa wiki kadhaa kwenye vichanja kabla ya kuuzwa, na mabunda yote ameyaandikia tarehe kwa mkono wake, hati safi kama ya daftari la skuli.

Mwanamke huyu hajaalikwa hata siku moja kuzungumza na wanafunzi. Angeingia darasani na kipande kimoja cha sabuni, kipindi cha kemia kingeeleweka siku hiyo hiyo.

Najua yatakayosemwa. Kuna watakaosema si wanawake wote wanaopenda majina yao yabandikwe ukutani. Ni kweli, na wasilazimishwe. Daftari si tangazo, linaweza kukaa ofisini, na mtu akaandika kazi yake bila ya namba ya simu. Wengine watauliza wafanywe nini walioacha skuli kwa ndoa au kwa mimba. Waandikwe. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilimruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani, na waliorudi wakamaliza ndio hasa wanaopaswa kusikika, kwa sababu kila mwaka kuna binti anayekaa nyumbani na mtoto mchanga akiamini njia imefungwa. Na wasiorudi pia walikuwa wanafunzi wetu.

Kazi yenyewe haihitaji mfadhili. Kila skuli ina rejista ya uandikishaji, japo nyingine zimeliwa na mchwa pembezoni. Kila darasa siku hizi lina kundi lake la WhatsApp ambamo tunapeana habari za harusi na misiba. Basi tupeane na hili. Wanafunzi wa kidato cha tatu wagawiwe miaka, kundi hili lichukue miaka ya 1980, lile la 1990, wapige simu, waulize: ulisoma nini, ulianza kazi gani, ulibadilisha lini, nani alikusaidia, wapi ulikwama. Hilo suali la kukwama lisiachwe. Wasisahau Pemba pia, kwani waliosoma Wete na Chake wengi wametawanyika Mombasa, Dar es Salaam, Maskati na London, na kuwapata kutataka muda.

Naiomba na redio itutengee japo nusu saa kwa wiki: mwanamke mmoja, kazi moja, skuli moja.

Darasa letu tumeshaanza, na majina ya rika letu hayatusumbui sana. Wenye haraka ni mama zetu na bibi zetu waliokaa kwenye madawati yale kabla ya Mapinduzi. Waliobaki ni watu wazima sana, wengine macho yamepunguza nuru na hawaandiki tena. Nawaomba walimu wakuu wasisubiri 2027 kwa hao. Wawatume wanafunzi majumbani kwao likizo hii inayokuja, wawili wawili, na daftari na kalamu, wawaandikie wao.

Mwanafunzi wa zamani wa skuli ya wasichana,
Kikwajuni, Unguja