Bima ya Gari kwa Bei Nafuu: Punguzo Linatoka Wapi?

Karibu kila asubuhi simu ya ofisi yetu ya uwakala wa bima hufunguliwa na swali moja: "Bima ya IST ni shilingi ngapi?" Anayeuliza hutaka tarakimu moja tu, na mara nyingi hukereka kidogo anapoulizwa gari ni la mwaka gani, linafanya kazi gani, limenunuliwa kwa fedha taslimu au kwa mkopo wa benki, na kadi ya gari ina jina la nani. Tunauliza kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoamua bei, na ndiyo yatakayoamua kama kampuni ya bima italipa siku gari litakapogongwa. Kwa kuwa wateja wengi hutujia wakiwa wameshapata "bei ya chini" mahali fulani, tumeona ni vyema tueleze kwa maandishi bei hiyo huwa imepunguzwa kutoka wapi.

Tuanze na kile ambacho hakina hiari. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia gari barabarani awe na bima inayofidia madhara atakayomsababishia mtu mwingine. Hii ndiyo tunayoiita bima ndogo. Gari dogo la matumizi binafsi limezoeleka kulipiwa shilingi 100,000, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuwa shilingi 118,000, tarakimu ambayo madereva wengi wa Dar es Salaam wanaijua kwa kichwa. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, bima hiyo ndiyo imebaki kuwa jambo la kwanza analolitazama askari wa usalama barabarani, na labda ndiyo sababu watu wengi huinunua kwa ajili ya askari badala ya kuinunua kwa ajili ya ajali.

Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Mwendesha bodaboda akivunjika mguu, au ukuta wa jirani ukibomoka, kampuni husimama mahali pako hadi kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lako mwenyewe hata likiteketea lote, hulipwi chochote. Katikati ipo bima isiyozungumzwa sana, inayojumuisha mtu wa tatu, yaani yule uliyemgonga, pamoja na moto na wizi, na ambayo inaweza kumfaa mwenye gari la umri mkubwa anayehofia zaidi kuibiwa kuliko kugongwa. Juu yake ipo bima kubwa, inayolipia pia uharibifu wa gari lako, na ambayo benki huidai kwa kila gari lililonunuliwa kwa mkopo.

Ada ya bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Viwango vya chini vya bima za magari husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yote ya bei. Ikiwa kampuni zote zinaanzia karibu na sakafu moja, mtu anayekuuzia chini sana ya wenzake amepunguza kitu kingine: ama ameandika thamani isiyo ya kweli, ama ameandika matumizi yasiyo ya kweli, ama ameondoa vipengele ambavyo ungevihitaji, ama stika yenyewe haipo kwenye mfumo wa TIRA.

Kupunguza thamani ndiyo njia inayopendwa zaidi, na mteja wetu mmoja ametukubalia tueleze yaliyompata kabla hajatufahamu. Gari lake aina ya IST lilikuwa na thamani ya shilingi milioni 14 sokoni. Kwa asilimia 3.5, ada ingekuwa shilingi 490,000, na pamoja na kodi shilingi 578,200. Aliyemkatia bima alimshauri aandike milioni 9, akalipa shilingi 371,700, akaondoka akifurahia kubakiwa na shilingi 206,500. Miezi michache baadaye, katika foleni ya Kimara, lori lililokuwa mbele yake lilifunga breki ghafla. Bampa, boneti, rejeta na taa mbili za mbele vilikwenda, na makadirio ya matengenezo yakafika shilingi 2,800,000.

Yeye aliamini kwamba, kwa kuwa hasara ilikuwa ndogo kuliko milioni 9, italipwa yote. Mkataba wake, hata hivyo, ulikuwa na kipengele cha uwiano, ambacho husema kwamba mtu aliyekatia bima sehemu tu ya thamani ya gari hulipwa sehemu ileile ya hasara. Milioni 9 kwa 14 ya shilingi 2,800,000 ni shilingi 1,800,000. Kutoka hapo kikakatwa kiasi ambacho kila mwenye bima huchangia katika dai lake, kile ambacho sisi wa kazi hii hukiita eksesi. Kwake kiliandikwa asilimia 10 ya dai, kisichopungua shilingi 250,000. Akapokea shilingi 1,550,000, na shilingi 1,250,000 zilizobaki akampelekea fundi wa bodi kutoka mfukoni mwake. Kama angeandika thamani halisi, angelipwa shilingi 2,520,000. Kampuni haikumdhulumu, ilitekeleza karatasi aliyoisaini bila kuisoma.

Kuzidisha thamani nako hakusaidii. Anayeandika milioni 20 kwa gari la milioni 14 hulipa ada ya milioni 20, lakini gari likiibwa atalipwa bei ya soko ya siku hiyo. Kwa hiyo kila unapohuisha bima, uliza bei ya gari kama lako, la mwaka uleule na hali ileile, kwa wauzaji wawili au watatu, kisha thamani iandikwe upya. Gari hushuka bei kila mwaka, na mwenye kunakili tarakimu ya mwaka jana huwa analipia thamani ambayo gari limeshaipoteza. Hilo ni punguzo halali ambalo watu wengi hawalichukui.

Eksesi pia inastahili kusomwa kabla ya kulinganisha bei. Kampuni mbili zikikupa ada inayokaribiana, moja ikiwa na eksesi ya kima cha chini cha shilingi 100,000 na nyingine shilingi 250,000, hizo ni bidhaa mbili tofauti. Kwenye mkataba wa pili, mkwaruzo wa bampa wa shilingi 320,000 utakuletea shilingi 70,000 tu, na kwa kuudai unaweza kupoteza punguzo la kutodai, yaani lile linalotolewa kwa aliyemaliza mwaka bila kuomba fidia. Sisi huwashauri wateja watengeneze mikwaruzo ya namna hiyo wenyewe na kuihifadhi bima kwa hasara kubwa. Ukihama kampuni, omba barua inayoonyesha kuwa hukuwahi kudai, kwa sababu kampuni mpya haitakuamini kwa maneno.

Matumizi ya gari ni mtego mwingine. Tangu teksi mtandao zienee Dar es Salaam, magari mengi yaliyoandikwa "binafsi" hushinda yakibeba abiria wa kulipa, na mwenye gari hufanya hivyo kwa sababu ada ya gari la biashara ni kubwa zaidi. Inapotokea ajali abiria akiwa ndani, swali la kwanza la mkadiriaji hasara huwa ni abiria huyo alikuwa nani, na majeruhi hana sababu ya kudanganya. Dai likikataliwa hapo, hatuna la kumtetea mteja. Ni afadhali tuambiwe ukweli mapema, hata kama gari hubeba abiria mwishoni mwa wiki tu.

Vipengele vinavyofaa kuulizwa kwa jina ni mafuriko, vioo na vifaa. Anayepita bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwa nini mafuriko yawe ndani ya mkataba. Asilolijua huenda ni kwamba injini iliyovuta maji kwa sababu dereva aliendelea kuiwasha inaweza kuleta ubishi hata pale mafuriko yanapokuwa yamejumuishwa. Gari likizimika ndani ya maji, liache lizimike, liburuzwe, kisha utupigie. Kuhusu vioo vya pembeni, ambavyo huchomolewa kwenye foleni kufumba na kufumbua, mikataba mingine hulipa wizi wa gari zima pekee na kuacha wizi wa kifaa kimojakimoja. Wenye magari wengi wamejitafutia kinga yao kwa kuchonga namba ya gari kwenye vioo, na hatuna la kuongeza hapo.

Kwa anayesafiri nje ya nchi, Kadi ya Njano ya COMESA huibeba kinga ya mtu wa tatu hadi nchi kama Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, ingawa Tanzania yenyewe si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo haigusi uharibifu wa gari lako. Kwa huo, bima kubwa inabidi iongezewe eneo la matumizi kabla ya safari.

Kuhusu stika, siku hizi kila bima halali husajiliwa kwenye mfumo wa TIRA, na mwenye gari anaweza kuihakiki mwenyewe kwa simu akiingiza namba ya usajili ya gari. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya aliyekuuzia. Jina, thamani, aina ya matumizi na tarehe ya mwisho vyote vifanane na ulichokubaliana. Fedha zilipwe kwenye akaunti ya kampuni ya bima. Wakala anayesisitiza umtumie kwenye namba yake binafsi, na sisi tukiwa miongoni mwa mawakala, mkatae. Bima huanza baada ya ada kulipwa, kwa hiyo ahadi ya "nitamalizia mwisho wa mwezi" haikupi kinga yoyote.

Tunaomba pia wanunuzi wa magari ya mkononi wasidanganywe na stika iliyobakiza miezi saba. Bima hiyo ni mkataba wa muuzaji, na kuuziwa gari hakuufanyi kuwa wako. Badilisha jina kwenye kadi, kisha bima ifuate. Ukichelewesha la kwanza, la pili litakusumbua siku ya dai.

Ajali ikitokea, piga picha kabla magari hayajasogezwa ikiwa usalama unaruhusu, ita polisi, chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kwa kila majeruhi, na utoe taarifa kwa kampuni ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Usikiri kosa wala kuahidi fidia pale barabarani, maana kampuni hutaka yenyewe ndiyo izungumze na upande wa pili, na usimruhusu fundi kugusa gari kabla halijakaguliwa. Usiporidhika na uamuzi wa kampuni, na malalamiko yako ya maandishi yasipopata jibu la kueleweka, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya wateja.

Anayetaka tumtafutie bei atutumie picha ya kadi ya gari, picha za gari pande zote nne, bima inayoisha, na maelezo ya kweli ya kazi ambayo gari hufanya. Tutamrudishia makadirio ya kampuni kadhaa, thamani ikiwa ni moja kwa zote, na eksesi ya kila moja ikiwa imeandikwa kando ya ada yake. Ombi letu ni kwamba asisubiri siku ambayo bima inaisha, kwa sababu ukaguzi wa gari huchukua muda, na mtu mwenye haraka husaini chochote anachowekewa mbele yake.