Kaka, usilale tena korongoni

Kaka,

Nasikia unarudi jangwani, na habari nimezipata kwa watu. Simu zangu hupokei, basi soma hapa.

Ukifika kwenye matuta ya mchanga yenye umbo la hilali, pembe zake huelekea upepo uendako. Pandia mgongoni, upepo utokako, hapo mteremko ni wa taratibu. Upande wa pili una nyuzi 34 hivi na mchanga wake huporomoka ukiukanyaga. Wewe ulipenda kuanzia huko, ukizama hadi magotini huku unacheka. Tulicheka sote siku ile.

Matuta sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni lile korongo.

Uliona mchanga laini na kuta zinazokinga upepo, ukasema hapa tunalala. Nikakuonyesha vijiti vilivyonasa kwenye ufa wa mwamba, juu ya kimo changu. Nani alivipandisha huko kama si maji? Ukatazama juu, nyota tupu, ukaniambia mbele ya wenzetu kwamba mimi mwoga tangu utotoni. Kaka, mvua haikuwa na haja ya kutunyeshea sisi. Ilinyesha milimani, kwenye miamba mitupu isiyofyonza kitu, na korongo likayakusanya maji yote likatuletea usiku.

Unawaambia watu nilikuacha. Nilipanda ukingoni na blanketi langu, ni kweli, na dumu la maji pia, maana ni mimi niliyelibeba tangu asubuhi. Nilikuita mara mbili. Ya tatu sikuita, nilikuwa na hasira. Lakini ngurumo ile iliposikika, nani aliteremka kukuvuta mkono? Hilo mbona hulisimulii? Begi la marehemu baba lilichukuliwa na maji, sikulichukua mimi.

Pale korongo linapotoka mlimani, mashapo yametandaa kama kiganja kilichokunjuliwa. Maji yakishapata nafasi hupungua nguvu: huangusha kwanza mawe makubwa, kisha changarawe, mchanga na tope hufika mbali zaidi. Nililitafuta kule juu kwenye mawe siku nzima, nawe umekaa garini hutaki hata kunitazama. Begi la ngozi ni jepesi, kaka. Safari hii anzia chini kabisa, kwenye mchanga. Huko sikufika.